Jino Lisilouma

Bango lenyewe Esnath alilibandika kwa mkono wake, akalikaza kwa gundi ya vitabu ili upepo wa mlangoni usilibandue: AFYA YA AKILI NI AFYA, USIONE HAYA, MWONE MTAALAMU. Wanafunzi wa sekondari walipotembelea maktaba ile ya Njombe, yeye ndiye aliyewasimamisha mbele ya bango na kuwaeleza, kwa sauti yake nzuri ya kwaya, kwamba moyo nao huugua kama tumbo. Wakampigia makofi. Walipoondoka alikwenda nyuma ya rafu ya mwisho, pale vitabu vya kilimo cha parachichi vinapopakana na ukuta, akalia kimya kimya kama kanuni za maktaba zinavyotaka.

Tatizo la Esnath ni kwamba hakuwa na tatizo. Angefiwa, Njombe ingemjia na unga, kuni na nyimbo. Angeachwa na mume, angepata mashoga wa kumsaidia kulaani. Lakini Nahumu, mumewe, alikuwa mtu mpole, mahindi yalikuwa ghalani, na binti yao Peace alikuwa amefaulu mtihani. Hata hivyo kila usiku wa manane usingizi ulimruka, kifua kikamwelemea, na chakula kilikuwa kimepoteza ladha tangu masika. Siku hizi alikuwa amefika mahali pa kutamani asiamke, na jambo hilo lilimtisha kuliko lolote alilowahi kulisoma.

Kwa nini basi asiende hospitali hapo hapo mjini? Anayeuliza hivyo hajaishi kwenye mji mdogo wenye baridi, ambako jioni watu hawana pa kwenda ila kwenye habari za wenzao. Mpokea wagonjwa alikuwa anaimba naye sauti ya pili katika kwaya ya usharika. Kabla Esnath hajameza kidonge cha kwanza, kwaya nzima ingejua rangi yake, na Jumapili angeitwa mbele aombewe kwa jina.

Kazini nako kulikuwa na Bwana Alois, mkuu wa maktaba, Mkatoliki mwenye mvi na koti la sufi asilolivua mwaka mzima. Kwenye kikao aliwatangazia wafanyakazi, "Mwenye jambo moyoni aje, mlango wangu uko wazi." Mlango wenyewe ulikuwa umevimba kwa unyevu, haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Na mlinzi wa zamani alipoanza kuongea peke yake getini, Alois huyo huyo alisema kwa upole, "Huyu si mwenzetu tena." Mwezi uliofuata palikuwa na mlinzi mwingine.

Mganga hajigangi, lakini Esnath alijaribu. Palikuwa na kitabu kimoja kuhusu huzuni ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiazima, na bado mgongo wake ulikuwa umelegea kwa kufunguliwa. Alikisoma amesimama, amekificha ndani ya kitabu kipana cha ufugaji wa ng'ombe. Kumbe palikuwa na mwingine aliyekisoma kwa kujificha vile vile, maana ukurasa wa kukosa usingizi ulikuwa umekunjwa pembe, kosa ambalo kwalo Bwana Alois aliwatoza wasomaji faini bila huruma. Esnath alimhurumia msomaji huyo asiyemjua, akaukunjua ukurasa ili kumlinda. Wiki iliyofuata akaukuta umekunjwa tena.

Mwishowe aliomba ruhusa ya Ijumaa moja aende Makambako kung'oa jino. Jino ni ugonjwa wenye heshima. Halimwaibishi mtu, halirithiwi na watoto, na hakuna mchungaji anayelikemea.

"Pole sana, mama," Alois alisema. "Jino si mchezo. Nenda tu. Mimi mwenyewe Ijumaa nina msiba Kifanya."

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, lakini ya Esnath ilikuwa na kilomita zipatazo sitini za lami, katikati ya misitu ya kupandwa na mashamba ya chai. Makambako ilimpokea kwa upepo na vumbi, na aliipenda kwa sababu hiyo. Ni mji wa njia panda, watu wake wanapakia na kupakua, nao hawana muda wa kuuliza umetoka kwa nani.

Zahanati aliyoelekezwa ilikuwa na milango miwili iliyopakana. Wa kulia uliandikwa MENO, wa kushoto USHAURI NA AFYA YA AKILI, na kati yake palikuwa na benchi moja tu. Mwenye zahanati alikuwa amepanga makusudi, ili anayekaa pale asijulikane amefuata nini. Lilikuwa wazo la mtu mwenye utu. Esnath aliingia akimshukuru mtu huyo moyoni, akainua macho, na pale kwenye benchi, ndani ya koti lake la sufi, alikuwa amekaa Bwana Alois.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba." Akakohoa. "Umefika salama?"

"Salama. Na msiba?"

"Tumezika mapema," Alois alisema. "Wakati wa kurudi nikasikia jino, nikaona nipitie huku."

Kifanya iko upande mwingine kabisa wa Njombe, lakini Esnath hakuwa na haki ya kumfundisha mtu jiografia siku hiyo. Alikaa pembeni ya benchi. Wote wawili wakashika mashavu, naye Esnath kwa haraka akashika shavu lisilo lile alilomwonyesha mkuu wake siku ya kuomba ruhusa.

Mlango wa kulia ukafunguka, na daktari wa meno, mama mmoja mnene aitwaye Stella, akachungulia. "Nani wangu?"

"Tangulia wewe," Alois alisema haraka. "Wewe ndiye mwenye ruhusa."

Ndani, Esnath alilala kwenye kiti akaonyesha jino la mwisho kabisa, ambalo alidhani pengo lake lisingemsumbua sana. Stella aliligonga, akalitazama kwa taa. "Mbona hili ni zima? Linaumaje?"

Hapo Esnath alitaka kudanganya, lakini uongo aliokuja nao ulikuwa umemwishia pale kwenye benchi. "Linanianza usiku wa manane," alisema. "Nikishaamka silali tena. Chakula hakina ladha. Nalia nikiwa kazini na sijui ninalia nini." "Siku nyingine natamani kusipambazuke."

Stella alizima taa na kuweka vifaa vyake chini. "Mama," alisema, "jino haliumi hivyo. Umekosea mlango kwa hatua mbili. Nenda hapo kushoto, wanawangoja watu kama wewe."

"Siwezi. Mkuu wangu wa kazi yuko nje."

"Kwa hiyo nikung'oe jino zima kwa sababu ya mkuu wako wa kazi?"

Esnath alifikiri kwa dhati. Ndiyo, alikuwa tayari kung'olewa. Alipoona kwamba yuko tayari, alijionea aibu na huruma kwa pamoja. "Basi nipe pamba," alisema.

Alitoka akiwa ameuma donge la pamba. Alois akampa pole, akaingia. Sasa benchi lilikuwa tupu na mlango wa kushoto uko hatua mbili, lakini hakuusogelea. Aliketi. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na masikio hayana kifuniko.

"Linanianza usiku, daktari," sauti ya Alois ilikuwa inasema. "Tangu mke wangu afariki. Nawatoza watu faini kwa hasira ambayo si yao. Nimesoma, nimesoma tena ule ukurasa, lakini kitabu hakitoshi."

Kisha Stella, amechoka, "Baba, jino haliumi hivyo."

"Ling'oe."

"Lina tundu dogo tu. Nitaliziba."

"Ling'oe, daktari. Nikitoka na meno yote nitasema nini?"

Esnath alisikia mlio wa koleo, akafumba macho. Alikuwa amemwogopa mtu huyu miaka yote, kumbe walikuwa wakikunja na kukunjua ukurasa mmoja. Alitaka kucheka, yakamtoka machozi, na kwa mara ya kwanza alijua analia nini.

Alois alitoka shavu likiwa limevimba, pamba yake nyekundu, jino limefungwa kwenye karatasi mkononi kama masalio ya mtakatifu. Wakati huo huo mlango wa kushoto ukafunguka, na kijana mpole mwenye miwani akauliza, "Kuna mtu wangu hapo?"

Walitazamana. Esnath alitoa pamba mdomoni, akaiweka kiganjani mbele ya mkuu wake. Ilikuwa nyeupe pe.

"Mkuu, mimi sikuja kwa jino," alisema. Kisha akasimama, akaingia.

Alipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Jumatatu, Njombe nzima ilimpa pole Alois. Kina mama wa jumuiya walimletea uji kwenye chupa, mlinzi mpya alimfungulia geti kwa mikono miwili, na mbele ya bango wasomaji walisimama kuuliza habari za shavu lake. Esnath hakuulizwa na mtu, kwa kuwa hakuwa na uvimbe. Alikuwa amelala usiku mmoja kati ya mitatu, naye aliuhesabu kama mali.

Mchana Alois alisukuma mlango wake kwa bega, akatoka hadi kwenye rafu ya parachichi alipokuwa Esnath.

"Ijumaa hutanikuta," alinong'ona. "Naenda Makambako. Kuna jino lingine."

"Mkuu, meno yatakwisha kabla hujapata usingizi."

Alois aligusa shavu. "Nikikaa kwenye benchi, nikakutana na mtu wa huku?"

"Nitakuwepo. Nimepangiwa Ijumaa hiyo hiyo."

"Na akituuliza tumefuata nini?"

"Wewe utasema umenisindikiza," Esnath alisema. "Mimi nitasema kweli."