Machozi ya Lovre Ukutani

Mwanga wa Agosti huuangukia kwanza ukuta wa sinema, kisha ndiyo bahari. Ni ukuta mtupu, mweupe pepepe, uwanjani nyuma ya kanisa, na kisiwa kizima hukaa mbele yake juu ya mito waliyoibeba majumbani, maana mabenchi ya mawe hayana huruma na makalio ya mtu.

Perina hubeba mito miwili. Mmoja wake, mmoja wa marehemu baba yake, aliyeupaka ukuta huo chokaa kila masika kwa miaka arobaini.

Ukutani humo mdogo wake Lovre, mwigizaji, amekuwa mwizi, amekuwa padri, amekuwa mfalme asiye na meno. Amekufa mara saba. "Perina, pole na msiba!" humtania Jerko, mwendesha mashine ya filamu. "Safari hii mmemzika na viatu vyake?"

"Mzike wewe. Mimi akija namchomea dagaa."

Watu hucheka, naye hucheka. Lakini ana swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yatoka wapi, machozi yale? Lovre wa ukutani hulia mpaka watu wa mji mkuu, Zagreb, wakatoa leso. Lovre wa nyumbani alisimama kaburini kwa baba, mikono mfukoni, macho makavu, kisha akawahi meli ya saa nane. Miaka kumi na moja sasa. Perina hajamsamehe, wala hajamuuliza. Je, alimpenda mzee? Hilo tu ndilo alitakalo kulijua.

Sikukuu ya Mtakatifu Roko, Lovre akaja mwenyewe, kichwa mvi tupu. Watu walikuwa wamejaa. Palibaki mahali pamoja tu pa kukaa, juu ya mto wa baba. Perina akaupigapiga vumbi, akamsogezea.

Jua lilipozama Jerko akawasha mashine. Ukutani, Lovre alikuwa mzee wa posta aliyefikiwa na barua ya msiba. Akaisoma. Akajifuta machozi; si kwa kiganja, si kwa vidole, bali kwa kifundo cha mkono, vidole kavitanua mbali na uso.

Perina akabana pumzi. Nani hujifuta hivyo? Mtu mwenye chokaa mikononi, anayejua ikiingia jichoni ni balaa. Baba, juu ya ngazi, jasho likimtiririka.

"Yule ni baba," alinong'ona.

"Filamu zote ni yeye, dada. Nikitakiwa kulia, namfikiria pale ngazini."

"Na siku ile kaburini?"

"Siku ile nilimtafuta ngazini. Hakuwepo."

Yatoka wapi, machozi yale? Perina alilibeba swali miaka yote hiyo, na jibu lilikuwa mbele ya macho yake kila kiangazi. Maji hufuata mkondo. Aliona aibu, akaona na furaha.

Filamu ilipokwisha, watu wakakusanya mito yao. Perina akaenda ukutani, akauwekea viganja vyote viwili. Ulikuwa bado una joto la mchana. Hapo machozi yakamtoka. Akatazama mikono yake iliyojaa chokaa, akajifuta kwa kifundo cha mkono. Nyuma yake akasikia hatua za nduguye.

Asubuhi mwanga wa Agosti uliuangukia kwanza ukuta, kisha ndiyo bahari. Ukakuta alama za viganja vinne.