Kaka wa Kemirembe

Udongo wa shimo la kuchimbia bati ulipomfunika Byarugaba kule Kyerwa, aliyemfukua ni Melkiory, kwa mikono mitupu, mpaka kucha zikatoka damu. Tangu hapo nyumba ya mzee Kahigi, baba yake Byarugaba, ikawa nyumba ya kijana huyo Mhaya wa Muleba. Alifika kila Jumapili baada ya misa. Wao walidhani anafuata rubisi yao ya ndizi, kumbe anamfuata Kemirembe, dada yake Byarugaba. Wawili hao walikwisha kupatana kisirisiri: kahawa ikianikwa, Melkiory atatuma mshenga.

Jumapili moja akakuta ua umejaa watu. Mbele ya mzee Kahigi palikuwa na kisu kidogo na tunda la kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Leo tunamaliza ugeni."

Melkiory akakitazama kile kisu, akaelewa. Lilikuwa agano la omukago. Wanaume wawili hugawana punje mbili za tunda moja. Kila mmoja huipaka punje yake damu yake mwenyewe, mwenzake akaimeza. Wakishameza ni ndugu wa tumbo moja, na dada wa huyu ni dada wa yule. Nani tena ataoa dada yake?

"Mzee, padri amekataza," akasema kwa sauti ndogo.

Byarugaba akaangua kicheko. "Kwani padri ndiye aliyenifukua? Sema unaogopa kisu, Mhaya wewe!"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Anayekataa damu ya mtu anamtakia mabaya. Ndivyo unavyosema, mbele ya wageni wangu?"

Angeweza kusema kwamba anamtaka Kemirembe. Lakini kijana hajiposei kwa kinywa chake. Wangeuliza walipatania wapi, na aibu yote ingemwangukia binti. Akatazama mlangoni. Kemirembe alikuwa amesimama pale, akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeomba. Melkiory hakujua anaombwa aseme au anyamaze. Akamwita Mungu moyoni, akangoja, hakusikia kitu. Byarugaba alikuwa amekwisha kujichanja, ananyoosha kiganja chenye punje huku akitabasamu.

Akameza.

Vigelegele vikapigwa. Kemirembe akaja na maji, akapiga magoti kumnawisha.

"Karibu, kaka."

"Ningefanyaje?" akamnong'oneza. "Ningekuaibisha."

"Aibu ningeivumilia," akasema bila kuinua macho. "Hii je, nitaivumiliaje?"

Mzee Kahigi akamwita Melkiory kwa furaha, akapigapiga kigoda kilichokuwa kando yake.

"Njoo ukae hapa! Jumamosi watu wa Isingiro wanakuja kumposa dada yako. Nimewazungusha siku nyingi. Byarugaba hajui kusema na watu, wewe unajua. Watakapouliza kama kaka zake wameridhika, utajibu wewe."

Watu wote wakamgeukia. Kemirembe alikuwa bado amepiga magoti, kata ya maji mkononi.

"Sawa, baba," akasema Melkiory. "Nitajibu."