Mlima wa Wifi Daljit

Daktari alipomwambia Tejpal kwamba sasa anaweza kusafiri, mradi asisahau dawa zake na asinywe maji ya ovyo, Rupinder mkewe alikuwa ameketi kando yake ameukumbatia mkoba kifuani. Hakuiwazia safari. Alimuwazia wifi yake.

"Twende milimani," alisema Tejpal walipotoka nje, kwenye lile joto la Mei la Ludhiana linaloyeyusha lami. "Mimi, wewe na dada. Na wa kuchagua ni dada."

"Nani mwingine?" alisema Rupinder.

Daljit alikuwa dada mkubwa wa Tejpal. Hakuolewa. Tangu usichana wake alifanya kazi katika kiwanda cha masweta, akawauguza wazazi hadi wakafariki, kisha akabaki katika chumba cha juu cha nyumba ileile alikoletwa Rupinder kama bibi harusi. Na tangu siku hiyo ya harusi wifi hawa wawili hawakuiva. Waligombania chumvi ya dengu, wakagombania kamba ya kuanikia nguo, wakagombania hata namna ya kufunga lango. Mwaka ule miguu ya Tejpal ilipoanza kuvimba, walikuwa hawasemeshani kabisa kwa sababu ya kabati la marehemu mama mkwe, ambalo kila mmoja alidai aliachiwa yeye. Daljit alikuwa akijipikia juu, kwenye jiko dogo la gesi. Harufu ya vitunguu vyake iliposhuka kwenye ngazi, Rupinder alifunga mlango.

Kisha figo za Tejpal zikafa, zote mbili. Rupinder akapimwa ili atoe yake, haikufaa. Damu zao hazikupatana. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda cha jikoni, hajui aanzie wapi. Akasikia miguu ya Daljit ikishuka. Wifi yake alisimama mlangoni, mtandio begani, akasema, "Kesho nipelekeni mimi nikapimwe." Hakungoja jibu, akapanda tena juu.

Sasa mwaka ulikuwa umepita, na zaidi. Figo ya Daljit ilikuwa inafanya kazi ndani ya mwili wa mdogo wake kana kwamba ilizaliwa humo. Tejpal alirudi dukani kwake kuuza nyuzi za sufu, akarudisha mashavu, akarudisha hata ile tabia yake mbaya ya kuimba akinyoa ndevu za shavuni. Jina la Rupinder nalo lilikuwa lile lile, lakini yeye hakuwa yule. Kabati aliita watu wakalipandisha juu siku ambayo Daljit aliruhusiwa kutoka hospitali. Chai ya asubuhi alimpelekea wifi yake kitandani. Akimwita, alimwita kwa sauti laini ambayo hata yeye mwenyewe hakujua ameitoa wapi. Mara nyingi alijaribu kusema asante, na kila mara Daljit aligeuza uso dirishani.

"Nimempa mdogo wangu," alikuwa akisema. "Wewe umeingiaje hapo?"

Basi jioni hiyo wakampelekea habari ya safari, wote watatu wameketi darini ambako angalau kulikuwa na upepo kidogo.

"Dada, chagua," Tejpal alisema. "Shimla au Manali?"

Katika mtaa wao hilo si swali dogo. Miji yote miwili ni ya milimani; nusu ya majirani hupumzikia Shimla, nusu Manali, na kila kiangazi wakirudi wanabishana kama ndugu wanaogawana urithi.

"Popote mtakapopenda," alisema Daljit.

"Hapana, wewe ndiye unayechagua."

"Rupinder anataka wapi?"

"Popote unapotaka wewe, wifi," alisema Rupinder kwa ile sauti yake mpya.

Daljit akaweka kikombe chini, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Nikitaka kulala, ni popote mtakaponiweka? Nikitaka kwenda haja?" Akainuka akaenda kuteremsha nguo kwenye kamba.

Siku kadhaa zikapita hivyohivyo. Tejpal akirudi kutoka dukani anauliza kama dada ameamua. Dada anasema mwulize mkeo. Mke anasema apendapo wifi. Tejpal akaanza kuwa na wasiwasi kwamba kiangazi kitaisha na mvua zitaanza kuporomosha barabara za milimani wao bado wanapeana heshima.

Siku moja, kabla ya adhuhuri, Rupinder alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati. Daljit akashuka, akaegemea kizingiti, akakunja mikono.

"Niambie ukweli. Wewe unataka wapi? Nataka jibu la Rupinder, sitaki la mjakazi."

"Nimeshasema, wifi, popote—"

"Ukisema popote tena nitakumwagia unga huo kichwani."

Rupinder aliendelea kukanda. Joto la jikoni, usingizi wa mchana, mwaka mzima wa kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe, vyote vikamshinda kwa pamoja.

"Shimla," alisema. "Kama unataka kujua, nataka Shimla. Kuna treni ndogo, mtu anakaa anatulia, anapita kwenye mahandaki mpaka juu. Njia ya Manali ni kona juu ya kona, unatapika mpaka nyongo. Na Shimla kuna mahali pa kutembea kama binadamu, si kuparamia mawe kama mbuzi."

Macho ya Daljit yakapata mwanga. "Shimla! Shimla kuna nini? Maduka. Watu wa Ludhiana wanatoka Ludhiana wanakwenda kuwatazama watu wa Ludhiana wenzao wakila aiskrimu."

"Afadhali aiskrimu. Manali kila ukigeuka ni bibi harusi, bangili nyekundu mpaka kwenye viwiko, mumewe anampiga picha. Wewe utakwenda kufanya nini pale, na umri huo, bila hata—"

Rupinder akajiziba mdomo kwa mkono wenye unga. Neno alilitaka lirudi.

Daljit aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Rupinder alidhani analia, akamkimbilia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakalia gunia la mchele, anajipangusa machozi kwa mtandio.

"Huyo ndiye," alisema alipopata pumzi. "Nilidhani amekufa. Nilidhani walimzika siku waliyonipasua mimi."

"Wifi, nisamehe, sikukusudia—"

"Usiharibu. Unajua, nikiwa hospitalini, nimelala nimechomekwa mipira kila mahali, nilikuwa najiambia nikipona nitashuka nikamwambie Rupinder kwamba dengu yake haina chumvi. Hilo ndilo lililonipa nguvu. Nikarudi, nikashuka, nikakuta umenipikia vyakula kama vya kuaga maiti. Nikasema haina chumvi, ukalia. Mwaka mzima naishi na mgeni."

"Nitagombana nawe vipi?" Rupinder aliketi sakafuni palepale, mikono nyeupe mapajani. "Kila nikimwona Tejpal anapumua namwona anapumua kwa sababu yako."

"Anapumua kwa mapafu yake. Hayo sikumpa."

Hapo Rupinder naye akacheka, ingawa machozi yalikuwa yameshatangulia. Kisha akauliza, safari hii kwa sauti yake ya zamani, "Haya, na wewe Manali unatafuta nini?"

Daljit alijikuna kisigino, kama msichana aliyefumwa.

"Kiwandani tulikuwa na mwenzetu mmoja, kwao ni huko. Alikuwa akituambia kuna maji yanatoka ndani ya mlima, yanachemka yenyewe, usiku na mchana. Wanawake wana bwawa lao, wanakaa humo. Theluji unaiona, na wewe uko kwenye maji ya moto. Sisi tumesimama kwenye mashine, magoti yanatuwaka, naye anasimulia maji. Nikasema siku moja nitakwenda nikae humo, nisifanye kazi yoyote. Nikae tu."

"Na kwa nini hukusema siku zote hizi?"

"Mlikuwa mnanibembeleza mno. Mtu akibembelezwa namna ile anaona haya kutaka kitu."

Tejpal aliporudi kula chakula cha mchana alisikia sauti tangu langoni. Mkewe alikuwa anasema magoti si kitu, na wifi yake anasema anayeogopa kona akae nyumbani alinde kuku. Alisimama barazani na kilemba chake cha buluu kimemlowa jasho, akasikiliza. Sauti hizo zilimkera miaka mingi, wakati mwingine alikuwa akizunguka mtaa mzima ili zipoe kwanza. Siku hiyo hakutaka zikome. Alipoingia macho yake yalikuwa mekundu.

"Mnagombana?" aliuliza.

"Tunakwenda Manali," alisema Rupinder. "Na nikitapika, nitamtapikia dada yako."

Alitapika kweli. Baada ya mji wa Mandi, pale barabara inapoanza kujikunja kandokando ya mto Beas, dereva alilazimika kusimamisha gari mara kadhaa. Daljit alishuka naye kila mara, akamshika paji la uso kwa kiganja chake kigumu, akampa limau lenye chumvi la kunyonya, akamuuliza kama angependa apigwe picha na bangili zake. Rupinder akamwambia anyamaze. Tejpal, aliyekaa mbele, alikuwa akitazama mto kwa utulivu wa mtu ambaye hakuna linalomhusu.

Manali waliikuta chini ya mawingu. Mierezi ilikuwa inadondosha maji ya mvua na hewa inanuka moshi wa kuni. Milima hawakuiona siku hiyo, ila Rupinder alivuta pumzi kifuani akasikia vumbi la Ludhiana likimtoka, na akakiri, kimoyomoyo tu, kwamba hajutii.

Asubuhi wakapanda hadi kijiji cha Vashisht, kwenye hekalu la mawe lenye yale maji. Walivua viatu, wakafunika vichwa, wakagusa kizingiti kwa vidole. Tejpal daktari alikuwa amemkataza mabwawa ya watu wengi, kwa hiyo alibaki nje kwenye kibanda cha chai, analinda viatu vyao. Wanawake wawili wakaingia upande wa kike.

Bwawa lilikuwa la mawe, limezungukwa na ukuta, wazi juu. Mvuke ulikuwa mzito hata usimjue mtu mpaka akukaribie. Vikongwe wa kijiji walikuwa wamezama hadi shingoni wakipiga soga juu ya bei ya matofaa na wakwe zao. Rupinder alibaki na shumizi, akatumbukiza mguu, akautoa. Daljit alikuwa amesimama pembeni bado na nguo zake zote, amezishika pindo.

"Vipi?" alisema Rupinder. "Tumekuja njia yote ile utazame?"

Daljit akavua. Akageukia ukuta kidogo, lakini hapakuwa na pa kujificha, na Rupinder akaliona kovu. Mwaka mzima walikaa nyumba moja na hakuwahi kuliona. Daljit alijifunga mwenyewe vidonda, akaogea mlango umefungwa. Lilianzia karibu na kitovu likazunguka ubavu mpaka nyuma, refu, lina rangi ya zambarau, limekunjika mahali pamoja ambapo yaelekea halikupona vizuri mara ya kwanza. Rupinder alikuwa akiliwazia kama alama tu, kitu cha urefu wa kidole. Hakujua walimfungua kiasi kile.

Alimshika mkono, wakateremka ngazi zile zenye utelezi polepole, Daljit akisonya kwa moto wa maji, mpaka wakakaa kwenye jiwe la chini, maji yakawafika mabegani. Daljit akafumba macho. Pumzi aliyoitoa ilikuwa ndefu sana, kama aliyeitunza tangu enzi za kiwandani.

Rupinder akachukua kopo la shaba lililokuwa ukingoni, akachota, akammwagia wifi yake mgongoni. Akachota tena. Akamsugua mabega kwa kiganja, akashuka, mkono wake ukafika kwenye kovu, ukapita juu yake taratibu. Daljit hakugeuza uso, wala hapakuwa na dirisha la kugeukia.

"Asante, dada," alisema Rupinder. Hakuwahi kumwita dada.

Kikongwe mmoja karibu nao alikuwa akisimulia habari za mkwewe mvivu. Baadaye Daljit alisema, macho bado kayafumba, "Haya. Nimeipokea." Na baada ya kidogo, "Sugua na upande wa kushoto."

Walikaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Walipotoka, nyuso zimewaiva, nywele zinatoa mvuke, mawingu yalikuwa yamepasuka upande wa kaskazini na milima ikatokeza, myeupe, karibu mno, kama iliyosogea walipokuwa ndani.

Kwenye kibanda cha chai waliona viatu vyao, na vikombe vitupu mezani kwa Tejpal, zaidi ya kimoja, zaidi ya viwili. Mwenyewe hayupo.

"Kaenda wapi?" Rupinder alimuuliza mwenye kibanda kwa haraka.

"Kauliza choo," alisema yule bwana, akaashiria nyuma ya nyumba.

Wifi wawili wakatazamana. Kabla ya kupewa figo, damu yake ikisafishwa kwa mashine, Tejpal alikuwa akinywa maji kwa kifuniko cha chupa, akilamba barafu, akilala na kiu huku amevimba kama mtungi. Miezi na miezi mwili wake haukutoa hata tone la mkojo. Daljit akakalia benchi. Rupinder akakaa karibu naye, bega kwa bega.

Tejpal akarudi kutoka nyuma ya nyumba akijipangusa mikono kwenye suruali, anaimba kwa sauti ya chini. Aliwaona wanamtazama, akasimama.

"Nini?" alisema. "Chai yao nzuri. Niwaagizie?"

"Agiza," alisema Daljit. "Na wewe ongeza nyingine."