Tawi Lililofutwa

Siku kumi na tisa kazi ya mjukuu wangu ilikaa ikingoja mtu mmoja aseme neno moja. Nilizihesabu mwenyewe, kwa chaki, ubavuni mwa meza ya cherehani yangu. Mtoto alikuwa ameajiriwa kwa majaribio ya miezi mitatu, na miezi mitatu ikiisha wangetazama: umetengeneza nini, kiko wapi, kina jina la nani? Kama hakuna, kwaheri ya kuonana.

Nieleze kwanza, maana hata mimi nilielezwa mara nne. Wao ni watu saba, wanatengeneza programu ya zahanati, ya kupanga wagonjwa na kadi zao. Kila mtu anafanyia kwake. Kazi yote wanaiweka mahali pamoja kwenye mtandao, wanapaita ghala, na kila mmoja anachukua nakala ya ghala zima kwenye kompyuta yake. Kazi iliyokwisha kubaliwa ndiyo shina. Ukitaka kuongeza kitu huligusi shina. Unatoa tawi lako, unaandika humo, halafu unaomba liunganishwe, na lazima mwenzako alisome alikubali. Kila mstari unaonyesha nani kauandika na lini. Nikasema, hapo hapaibiwi. Mtu mzima na mvi zangu, nikasema hivyo.

Mwenye kukubali alikuwa kiongozi wao. Walimwita Bwana Safi, kwa sababu rafiki zake wakipeleka ombi anaandika "Safi" kabla hujamaliza kupiga chafya. Hasomi hata mstari. Mjukuu wangu akipeleka, kimya kama maji ya mtungini.

Na tawi lenyewe lilianzia kwangu. Nilikwenda zahanati, jina likaitwa, tukasimama wawili dirishani: mimi na mwanamke mwingine mwenye majina yangu yote matatu. Nikapewa dawa zake za sukari. Mimi sina sukari, mimi nina magoti. Nilipomsimulia mjukuu wangu, aliweka kijiko chini.

"Bibi, wangewatofautisha vipi?"

"Wangeuliza jina la mama. Mama zetu si mmoja."

"Na kama mama nao wana jina moja?"

"Basi waulize, wewe ni mtoto wa ngapi kwa mama yako? Hilo mtu hasahau hata akiwa na homa."

Alilifanyia kazi wiki mbili. Alinikalisha nikambunia majina ya wagonjwa mpaka nikaishiwa na ukoo. Akalipeleka. Kimya. Akakumbusha kwa adabu, kimya. Mimi nikamwambia, mama, subira. Maneno yangu hayo bado yananiuma.

Siku ya ishirini ilikuwa Jumatano, wana kikao chao cha asubuhi kwenye kompyuta. Mimi niko pembeni napinda sare za shule. Nikasikia sauti ya Bwana Safi, laini kama mafuta ya nywele: "Nimemaliza kitu kidogo. Wagonjwa wenye jina moja, sasa tunauliza jina la mama, halafu ni mtoto wa ngapi."

Nikasimamisha cherehani. Mtoto wa ngapi! Hilo lilitoka kinywani mwangu, miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto!

Mjukuu wangu alifungua ghala haraka haraka. Tawi lake halipo. Ombi lake halipo. Kazi yake ipo kwenye shina, mstari kwa mstari, na jina la Bwana Safi juu yake.

"Samahani kaka," akasema, "hiyo ni kazi yangu."

"Dada, wazo tulilizungumza wote. Lakini la kwako mimi sijaliona. Liko wapi?"

Meneja wao, mwanamke wa sauti ya kuchoka, akauliza, "Unayo nakala?"

"Ninayo hapa kwangu, mama."

Bwana Safi akacheka. "Hapo kwako! Hata mimi kwangu naweza kurudisha saa nyuma nikaandika nililitengeneza mwaka juzi."

"Lakini ghala linaweka kumbukumbu, nani kafuta nini," mjukuu wangu akasema.

"Nimezitazama. Hakuna kitu."

Maana funguo za ghala ni zake. Yeye ndiye anayefuta, na yeye ndiye anayeulizwa kama kuna kilichofutwa. Meneja akasema wakutane Ijumaa saa nne, mwenye ushahidi alete. Ijumaa hiyo hiyo majaribio yalikuwa yanaisha.

Alikuwapo mtu mmoja aliyeliona lile tawi. Mwenzao mmoja wanamwita Miwani, anakaa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alilichukua kwenye kompyuta yake kulijaribu, wakati Bwana Safi amelikalia. Mjukuu wangu alimtumia ujumbe, akapiga simu. Hapokei.

Mimi nilikuwa na koti la Miwani, kaniletea nibadilishe zipu. Alhamisi mjukuu wangu alipotoka, nikampigia Miwani. Simu yangu alipokea. Nikamwambia, baba, njoo, zipu tayari.

Akafika mbio. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa."

Akaona koti liko mapajani mwangu, limefumuliwa. "Bibi, si ulisema tayari?"

"Zipu ndiyo tayari. Koti bado."

Akakaa. Nikafumua uzi mmoja, nikaulaza mezani. Nikafumua mwingine. Sikumuuliza neno. Mimi nimelea watoto sita, najua mtu mwenye jambo ukimwachia kimya atakijaza mwenyewe.

"Bibi, nina watoto wawili," akasema mwishowe.

"Nawajua. Mmoja ana meno ya mbele, mwingine hana."

"Yule bwana akininunia, na kazi zangu mimi zitakaa siku ishirini."

"Kwa hiyo unalo."

"Sijasema ninalo."

"Hujasema huna."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ninalo. Tena niliona kosa dogo, nikalirekebisha juu ya kazi yake kwa jina langu. Sikulipeleka ghalani. Liko vilevile."

Hapo subira yangu ilikatika, na sioni haya kusema. "Sikiliza baba. Mimi nilipewa dawa za mtu. Ningezimeza ningelala chini. Sikumtukana muuguzi, kwa sababu alikosea, foleni ilikuwa ndefu na majina ni mamoja. Huyu wenu hakukosea. Huyu alilitazama jina, akaona ni la nani, ndipo akalifuta! Na wewe ulimwona, ukazima simu."

Alikuwa anatazama nyuzi.

"Sikwambii ufanye nini. Nenda. Koti kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa tano. Kikao kikiisha."

Ijumaa nilivuta kiti nikakaa kando ya mjukuu wangu. Sikushona. Alikuwa amevaa blauzi yake ya usaili. Meneja alipouliza tu nani ana ushahidi, kengele ndogo ikalia kwenye kompyuta. Mjukuu wangu akashika mdomo. Tawi lake lilikuwa limerudi ghalani.

"Nimelirudisha mimi," sauti ya Miwani ikasema. "Nilikuwa nalo tangu tarehe nane. Mstari wa juu ni wangu. Ya chini yote ni ya dada."

Meneja akasoma. Tulimsikia anavyopumua.

"Jamani, mimi nilitaka kazi iende haraka," Bwana Safi akasema. "Sisi si timu moja?"

"Sawa," meneja akasema. "Tuite kazi ya timu. Mtayamaliza kindugu. Dada, mkataba utaupata, usijali."

Kindugu! Nilifungua mdomo, lakini mjukuu wangu alinibana mkono.

"Hapana, mama. Mkataba nashukuru. Ila naomba ya kwake iondolewe kwenye shina na ya kwangu iunganishwe, sasa hivi, wote wakiona. Na aliyeikubali aandike jina lake."

Meneja akafanya mwenyewe. Nikaliona jina la mjukuu wangu likishuka pale, mstari kwa mstari, na la Miwani juu yake mara moja tu. Kilio chake mtoto alikimezea begani kwangu, kipaza sauti kikiwa kimezimwa.

Mkataba ulikuja Jumatatu. Lakini funguo za ghala bado anazo yule yule. Mjukuu wangu aliuliza kwa nini zisishikwe na watu wawili, akajibiwa, "Tutaliangalia." Wataliangalia kwa jicho lipi, lile lililofumbwa siku ishirini? Nikamwambia aliandike ombi hilo pale pale ghalani, wanapoona wote saba, na aliandike kila asubuhi mpaka lijibiwe. Leo ameandika mara ya nne. Miwani ameweka jina lake chini. Jana ameongezeka mtu wa tatu, na huyo hakuna aliyemwita.