Mto Wenye Sura ya Paka

Katika mtaa wetu hapa Lewes, ule unaoteremka mpaka mtoni, hakuna nyumba iliyopigwa picha nyingi kama ya Crispin Hallett. Kazi yake ilikuwa kubuni nyumba kwa ndani, na kama ulitaka akununie mpaka Krismasi, umwite mpambaji. "Kinachopambwa ni keki," alikuwa akisema. Matajiri wa London walimwita awaambie nini cha kutoa majumbani mwao. Kuongeza, hakuongeza sana. Alikuwa pia na karakana ndogo iliyotengeneza vitu vya kawaida vya kila siku: fagio zenye mpini wa mwaloni, vitambaa vya kitani vya kukaushia vyombo, vigoda vya miguu mitatu, na buli jeupe ambalo, nasema kweli, halidondoshi hata tone ukimimina chai. Ninalo moja mpaka leo. Kwa hilo siwezi kumsema vibaya. Kitu alichokitengeneza Crispin kilikaa mkononi kana kwamba kimekuzoea.

Tabu ilikuwa kuishi humo ndani.

Mimi naishi mlango wa pili, na Hilary, mke wake, amekuwa rafiki yangu tangu binti zetu wako shule ya msingi. Asubuhi alikuja kwangu kunywa kahawa, nami nikidhani anapenda mazungumzo yangu. Kumbe, aliniambia baadaye, alichokipenda ni meza yangu: pakiti ya biskuti iliyofunguliwa, gazeti la jana, miwani, bili ya maji, funguo za baiskeli isiyokuwepo tena. Kwake hakuna kitu kilichoruhusiwa kulala juu ya meza. Sabuni ya vyombo ilihamishiwa kwenye chupa ya udongo. Nafaka za asubuhi zilimiminwa kwenye mitungi ya kioo, na boksi likatupwa kabla binti yao, Tamsin, hajapata kusoma mafumbo ya watoto yaliyochapwa nyuma yake. Friji ilijificha ndani ya kabati kama mdaiwa. Kuta zilikuwa nyeupe, lakini si nyeupe moja. Zilikuwa za aina nne, na Hilary alizijua zote kwa majina.

"Hilary, mpenzi, hiki kinafanya nini hapa?" Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya nyumba ile. Crispin hakuwahi kumfokea. Aliuliza tu, kwa upole, amekishika kitu chenyewe kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mgeni kwenye treni.

Mama yake Hilary alipofariki kule Hull alimwachia sahani za maua zenye ukingo wa dhahabu na mbwa wawili wa kaure, wale wa kukaa juu ya meko. Hilary aliviweka nyuma kabisa ya kabati, visimuudhi mtu. Siku moja, akipita mjini, akawaona wale mbwa kwenye dirisha la duka la mitumba la hisani, kila mmoja na kikaratasi cha bei shingoni.

"Ukafanyaje?" nilimwuliza.

"Nikapita."

"Hukuwanunua tena?"

"Ningewapeleka wapi, Mo?"

Basi, Februari ile Crispin alianguka karakanani, amekumbatia kigoda alichokuwa akikipiga msasa. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukafa, na maneno yakampotea. Akili ilikuwepo, daktari alisema, na ukimtazama macho uliona kuwa ipo. Ila njia kutoka kichwani mpaka kinywani ilikuwa imefungwa. Baada ya Pasaka wakamrudisha nyumbani, na pamoja naye wakaja vijana wawili wa huduma za wagonjwa wakiwa na gari la vifaa. Wakaweka kitanda cha chuma sebuleni. Wakafunga vyuma vyeupe vya kushikia kwenye kila ukuta, wakitoboa zile nyeupe zenye majina bila hata kuuliza. Mwisho wakaingiza kiti cha kujisaidia: plastiki ya kijivu, na ndoo yake, na kifuniko cha rangi ya nyama iliyochemka.

Crispin akakitazama. Machozi yakamtoka.

Hilary akacheka.

"Ilinitoka tu," aliniambia jikoni kwangu, uso wote mwekundu. "Mume wangu hajiwezi, analia, na mimi nacheka kama mwehu. Wale vijana walinitazama, mama yangu! Unajua nilichokuwa nafikiria? Hiki huwezi kukitoa, Crispin. Hiki kimeandikwa na daktari."

Alimwuguza vizuri, hilo lijulikane. Alimwosha, akamlisha, akamgeuza usiku asipate vidonda. Nguo zake zilinukia pasi. Mtu asije akasema alimtupa.

Lakini Jumapili moja aliniomba nimpeleke kwenye lile gulio la uwanjani, watu wanapouzia makorokoro kwenye buti za magari. Alitembea pale kama mtoto aliyetoroka kanisani. Akasimama mbele ya mto wa kuegemea, wa nailoni ya zambarau, umetariziwa sura ya paka mwenye macho ya vifungo vinavyong'aa.

"Chukua, mama!" mwuzaji alimpigia kelele. "Mpelekee mzee zawadi, atakuota!"

"Ndiye ninayemchukulia," Hilary akasema.

Mimi nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa siku moja.

Aliuweka mto ule kwenye kiti cha mwaloni kilichowahi kutokea gazetini, mkabala na kitanda. Wiki iliyofuata likaja karai la plastiki la rangi ya chungwa. Kisha taa yenye marinda. Kisha maua ya nailoni, na zulia la chooni lenye manyoya, na saa ya ukutani ambayo kila saa ililia kama ndege tofauti: saa tatu kasuku, saa nne bundi. Alinunua vitu hivi kwa bidii ya mtu aliyepewa kazi. Buli jeupe akalipandisha juu ya kabati, akawa anampa Crispin chai kwenye kikombe kilichoandikwa BABU BORA DUNIANI, na mjukuu hawana.

Crispin alijifunza kutumia mkono wa kushoto. Kitu cha kwanza alichofanya nao ni kugeuza kiti chake cha magurudumu kikaelekea ukutani. Siku hiyo nilikuwepo. Hilary alikuwa akikunja mashuka. Akayaweka chini, akaenda, akafungua breki, akamgeuza tena taratibu mpaka akawa ametazamana na yule paka.

"Tazama," akamwambia. "Mimi nimetazama vyako miaka yote."

Sikuweza kucheka tena. Nilisema, "Hilary, mwenzangu, inatosha sasa."

"Inatosha nini? Nimemkata? Nimemnyima chakula?"

"Anaumia."

"Ni mto tu, Mo. Si ndivyo watu walivyoniambia? Ni sahani tu, Hilary. Ni mbwa wa kaure tu. Una bahati, una nyumba nzuri."

Miongoni mwa hao watu nami nilikuwemo.

Kila Alhamisi alikuja mwalimu wa matamshi, Bronwen, Mwelshi mchangamfu mwenye mkoba wa kadi za picha: kikombe, kiti, kijiko, dirisha. Crispin alizitazama kadi zile akafumba macho. Bronwen alidhani amechoka. Hilary alijua sababu. "Ni vile kikombe kilivyochorwa," aliniambia. "Mshikio wake umekaa vibaya. Hawezi kulitamka jina la kikombe kilichokaa vibaya."

Na kumbe, pamoja na yote, alikuwa akingoja. Hakulisema waziwazi, lakini kila Alhamisi alichana nywele, akakaa karibu na kitanda, akamtazama mumewe kinywani. Nilimwona. Mwanamke akimngoja mtu aseme neno, hata ajidai vipi, humjui? Alikuwa anangoja jina lake.

Septemba, neno likaja. Bronwen alikuwa amemaliza, anarudisha kadi mkobani. Hilary alikuwa kwenye kiti cha mwaloni, ameuegemea ule mto. Crispin akainua mkono wa kushoto, ukatetemeka hewani, ukaelekea kwake. Midomo ikahangaika. Mishipa ya shingo ikamsimama.

"T... to... toa."

Bronwen akapiga makofi, machozi yanamlenga. "Umesikia? Umesikia, Hilary? Neno zima! Na lina maana! Crispin, rudia, mpenzi, rudia!"

"Toa," akasema Crispin, safari hii wazi kabisa.

Hilary akainama mbele. "Sema Hilary."

"Toa."

"Crispin. Mimi ni nani? Sema Hilary."

Akamtazama, kisha akautazama mto nyuma ya bega lake, kisha akamtazama tena. "Toa," akasema, na mkono ukaanguka.

Bronwen alipoondoka, Hilary aliuchukua mto akauweka chini ya kichwa cha mumewe. Akaupigapiga ukae sawa. Akazima taa yenye marinda, akaja kwangu, akakaa mezani bila kuvua aproni.

"Ni mto aliosema, au ni mimi?" akaniuliza.

"Ni mto, Hilary. Mto, bila shaka."

"Hata mimi nadhani ni mto." Akachukua biskuti, hakuila. "Miezi yote hii. Neno moja mtu analo kifuani, na amelitumia kwa mto."

Bronwen, kwa furaha yake, alimpigia simu Tamsin kumpa habari njema. Tamsin ndiye anayeendesha karakana ya baba yake sasa, kule London, na wakati wote ule alikuwa akija mara chache na kukaa kidogo, kazi nyingi. Jumamosi akafika bila taarifa. Mimi nilikuwa nimepeleka mkate. Alisimama mlangoni mwa sebule, akaona taa, maua, zulia, saa, na baba yake amelalia uso wa paka. Saa ikalia kama kunguru.

"Mama, nini hiki?"

"Nyumba yangu," Hilary akasema.

"Unamtesa."

"Namwosha. Namlisha. Namfuta matako, Tamsin. Wewe umemfuta?"

"Unajua ninachosema! Mtu hawezi kusimama, hawezi kusema, na wewe unamjazia uchafu machoni. Ni ukatili."

"Wewe ulikuwa na nyumba ya wanasesere," Hilary akasema. "Ya waridi. Shangazi yako alikupa. Iko wapi?"

Tamsin akasita. "Sijui. Sikumbuki."

"Unakumbuka. Ulilia mpaka ukatapika."

"Nilikuwa na miaka sita, Mama! Watoto hulia. Na baba alinitengenezea nyingine ya mbao, nzuri mara mia. Ninayo mpaka leo."

Hapo nilimwona Hilary akikubali kitu ambacho hakukitaka: kwamba mtoto alikuwa upande ule muda mrefu, na hatarudi.

Kabla mwezi haujaisha Tamsin alimchukua baba yake. Likaja lori, na kwa kuwa daktari alisema mgonjwa hutulia akiwa kati ya vitu alivyovizoea, vitu navyo vikaenda: kiti cha mwaloni, meza, vigoda, taa za shaba, hata fagio. Hilary hakukataa hata kimoja. Alisimama kando ya mlango na kuwaambia wapakizi wazishike meza kwa chini, si kwa ukingo. Crispin alipopitishwa alikuwa amefumba macho. Hilary akamfunga skafu vizuri, basi.

Nilidhani sasa atapumua. Kuta ni zake, sakafu ni yake. Nikamwambia, "Twende Brighton, tukachague mapazia. Ya maua, ya ndege, yoyote uyatakayo."

Tukaenda. Dukani alishika pazia baada ya pazia. "Hili zuri," anasema, kisha analigeuza nyuma. "Lakini ona mshono." Lingine: "Rangi itapauka." Lingine: "Maua haya hayakuchorwa na mtu anayejua ua." Binti wa duka alituletea vitabu vya sampuli mpaka mikono ikamchoka. Mwishowe Hilary akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

"Sijui ninachokipenda," akasema.

"Ulimpenda yule paka."

"Yule paka sikumpenda hata siku moja, Mo. Anatisha. Nilimchukua kwa sababu Crispin angemchukia. Kila nilichokinunua nilikitazama kwa macho yake kwanza." Akacheka, kicheko kisicho na kitu ndani. "Hata kuchukia nilichukua kwake."

Tukarudi mikono mitupu. Makorokoro yote aliyarudisha kwenye gulio, akampa yule mwuzaji bure. Majira ya baridi yakamkuta na madirisha matupu, na jioni ukipita mtaani unamwona ndani, amekaa kwenye kiti cha bustani katikati ya sebule, anakula supu.

Machi alikwenda London kumwona Crispin. Aliporudi alikuja kwangu moja kwa moja kutoka stesheni, na koti bado mwilini.

"Anaendeleaje?"

"Ana maneno sasa. Kikombe. Dirisha. Mwanga. Anasema Tamsin."

Nikaweka maji motoni.

"Nilikaa karibu naye," akasema. "Alinitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono akashika kifungo cha koti langu. Hiki hapa, cha pembe. Nililinunua mwenyewe, koti hili, Januari, kwa ajili ya baridi, sikufikiria chochote. Akakipitisha kidole ukingoni, polepole, vile anavyofanya. Akasema, 'Nzuri.'"

"Basi hilo si jambo jema?"

Hilary akanitazama kana kwamba nimemtukana.

"Nilifurahi, Mo," akasema. "Nimerudi njia nzima ndani ya treni, nimefurahi."