Shangazi Hatoki na Nywele za Msiba

Ilikuwa mwaka sabini na tisa. Nassibu, fundi cherehani wa pale Runzewe, alikuwa anatusomea kitabu chake cha upelelezi. Mle ndani mwanamke katumiwa barua kwamba atauawa, na siku tatu nzima hatoki kwake. Nassibu akakifunga.

"Uongo huu! Mtu ana miguu yake miwili halafu anangoja panga? Huyu mwandishi katuona mabwege."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikamtukana, na Nassibu ni mtu mzima. Sijutii. Shangazi yangu Limi alikuwa kasukumiwa barua chini ya mlango Jumapili: Umemroga mumeo, Ijumaa isikukute hapa. Siku hiyo Jumatano, na bado yupo.

Nikachukua baiskeli, nikakanyaga mpaka kwake. Nikamkuta anapepeta mtama.

"Shikamoo, shangazi. Panda tuondoke."

"Marahaba. Niondoke na nywele hizi?"

Ndiyo hiyo sasa. Ukweni kwake pale mjane haondoki mpaka ukoo wa mume umnyoe. Akitoka na nywele za msiba basi kesi imekwisha, kaua huyo. Wanawe wataitwa watoto wa mchawi, na nani atawaoa?

"Sasa mbona hawakunyoi?"

"Shemeji Masele alisema Jumamosi iliyopita. Akageuza, Jumatatu. Sasa anasema Jumamosi hii."

Jumamosi! Siku moja baada ya panga! Na mimi mjinga tangu Jumapili namlaumu shangazi. Masele, mdogo wa marehemu, ndiye anayepanga siku, na shamba la pamba la kule bondeni analitaka yeye. Shangazi akikimbia, lake. Shangazi akikatwa, lake.

Nikaenda kwa Zipora, dada yao. Wembe wa msiba anashika yeye.

"Siku anapanga kaka," akasema.

"Kwa hiyo Ijumaa utanyoa maiti?"

Akaniangalia. "Mtoto wewe una mdomo mchafu." Akaingia ndani, akatoka na wembe na bakuli la maji.

Tukarudi kwa shangazi, nikapiga kelele mpaka majirani wakajaa uani. Nywele zikawa zinadondoka, jua limewaka, kila mtu anaona. Masele akaja mbio.

"Nani kaamuru?"

"Kaka, sogea. Unanizibia mwanga," Zipora akasema.

Alipomaliza, shangazi akafunga kitenge, akaaga majirani mmoja mmoja kwa mkono, akapanda nyuma ya baiskeli.

"Mnaona? Anakimbia!" Masele akapayuka.

Mama Bujiku, jirani, akamgeukia. "Mjane kanyolewa, anakwenda kwao. Ulitaka akae mpaka lini? Ijumaa?"

Mimi nikashusha mguu, nataka nirudi nikamtie Masele ngumi, na hata leo mkono unaniwasha. Shangazi akanichoma kidole mgongoni.

"Kanyaga."