Kiondo Hakirudi Kitupu

Mtu asiyeweza tena kumeza, utamtilia nini kiondoni? Kaari alijiuliza. Alisimama mlangoni mwa jiko akimtazama mama yake, Karwirwa, akimimina uji katika thamosi, kisha akipanga ndizi mbivu na mayai sita kando yake, kana kwamba mgonjwa alikuwa mzazi aliyejifungua jana.

"Mama, Mwalimu Felicitas hamezi. Hata maji anapewa kwa kijiko. Madaktari wa Meru wamesema saratani imeziba umio, na kilichobaki ni kumtuliza maumivu tu."

"Nimesikia."

"Basi uji wa nini?"

"Nimpelekee mikono mitupu? Usinifundishe kumtembelea mgonjwa, Kaari. Hayo hayafundishwi chuo kikuu."

"Basi twende pamoja."

Karwirwa aliokota ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa. "Nenda wewe. Mimi nina kahawa ya kuchagua."

Hiyo ilikuwa mara ya tatu tangu Kaari aje Githongo kwa likizo, na kila mara mama yake alituma kiondo akabaki nyuma. Jambo hilo lilimuuma. Alikuwa mwaka wa tatu akisomea ualimu, na aliyemtia njiani alikuwa mwanamke yule yule ambaye mama yake alimkwepa.

Felicitas alizaliwa Kanja, upande wa Embu, akaolewa Githongo, akafundisha hapo miaka thelathini na minne. Kaari alifika darasa la nne bila kujua kusoma. Jioni moja Mwalimu alimkuta kiwandani, mahali ambapo wakulima humwaga kahawa juu ya magunia na kutenga nyekundu na mbichi kabla ya kupima. Mwalimu aliketi chini na sketi yake ya heshima, akafungua kitabu juu ya gunia.

"Yamwage maneno yote kama kahawa," alisema. "Unayoyajua weka huku. Usiyoyajua weka kule. Usiyatupe. Hata mbichi ina gunia lake."

Siku ile Kaari alipata maneno kumi na moja. Muhula ulipokwisha, gunia la mbichi lilikuwa na mawili tu.

Alipofika kwa Mwalimu akiwa na kiondo, alipokewa na Igoki, mdogo wake Felicitas aliyekuja kutoka Kanja kumuuguza. Igoki alifungua thamosi, akanusa, akashika kiuno.

"Uji mwingine! Hapa hata ng'ombe amekinai. Na kiondo cha watu hakirudi kitupu. Nimeshatoa ndizi, nimetoa maharagwe, jana nimetoa viazi vya mbegu. Mkiendelea kumshukuru dada yangu hivi, nitarudi Kanja bila hata mwiko."

Nyuma yake, viondo tisa vilikuwa vimepangwa ukutani vikingoja kujazwa.

Mwalimu alilala karibu na dirisha, kitambaa cha kichwa kimepigwa pasi, mabega yamekuwa madogo kama ya msichana. Sauti yake ilikuwa imebaki uzi.

"Umeniletea nini, mwalimu mwenzangu?"

Neno hilo lilimfanya Kaari ainamishe uso. "Uji, Mwalimu. Nisamehe."

"Ulete karibu, niunuse." Alifumba macho juu ya mvuke, akatabasamu. "Mama yako hajapoteza mkono wake. Ni koo langu lililofunga shule kabla muhula haujaisha." Akapumzika kidogo. "Lakini masikio bado yako darasani. Watu wanakuja, wananipikia, wanalia, wanakwenda. Tangu Februari hakuna aliyenisomea hata mstari mmoja."

"Nitakusomea mimi. Sasa hivi."

"Wewe tulishamaliza. Kuna ambao sikumaliza nao."

Alimwashiria Igoki, naye akatoa chini ya mto daftari lililofungwa kwa gazeti, akalitia ndani ya kiondo.

"Hilo ni la mama yako. Mwambie amebakiza kurasa sita. Usiulize zaidi. Akitaka, atakueleza."

Kaari alikumbuka alichotumwa kusema. "Wanafunzi wako wa zamani wanakuandalia sherehe ya shukrani, Mwalimu. Koome ndiye mwenyekiti. Ni tarehe ishirini na nane."

Felicitas alitazama nje, ambako ukungu ulikuwa ukiteremka juu ya mibuni. Akaushika mkono wa Kaari, akaupapasa polepole.

"Hiyo ni mbali sana, mwanangu."

Kaari alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, ameketi kwenye gunia, akichagua kahawa.

"Mwalimu amekurudishia hili. Anasema umebakiza kurasa sita."

Mkono wa Karwirwa ulisimama hewani, tunda moja jekundu kati ya vidole. Alilitazama kwa muda kabla ya kuliweka upande wake.

"Zile Jumamosi nilizosema naenda chama," alisema, "hakukuwa na chama. Tulikuwa wanawake wanne. Alikuwa akitufundisha kusoma."

Kaari aliketi palepale chini. Alikumbuka kitabu cha nyimbo ambacho mama yake alikifungua kanisani kila Jumapili, ilhali nyimbo zote alizijua kwa moyo. Alikumbuka, "Nisomee hii, macho yangu yamechoka." Miaka yote hiyo alimsomea mama yake kila ujumbe wa simu kwa sauti, akajivuna kwa kusoma, asiulize.

"Mbona mliacha, Mama?"

"Aliugua. Tukaona haya. Mtu anakata roho, wewe unampelekea a-e-i-o-u? Tukaona heri uji." Alijipangusa uso kwa kiwiko. "Na mimi nitamtazamaje, na sikumaliza?"

Kaari alikuwa na maneno mengi mazuri kuhusu elimu, mengine ameyaandika kwenye insha na kusifiwa. Aliyaacha yote. Alivuta gunia, akaanza kuchagua pamoja na mama yake.

"Kesho kwenye kamati," Karwirwa alisema baadaye, "usiseme langu."

"Sitasema."

Kamati ilikutana Jumapili baada ya ibada, katika ukumbi wa kanisa, watu kama thelathini. Koome, mfanyabiashara wa mbao mjini Meru, alisoma mpango: mahema mawili, fahali mmoja, mgeni wa heshima, kwaya, na hotuba ya Kaari.

Kaari alisimama. "Hotuba sitaisoma."

"Haya!" Koome alicheka. "Tumempeleka chuo kikuu, amerudi na shahada ya kukataa."

Watu walicheka. Kaari alingoja wanyamaze.

"Mwalimu hawezi kula huyo fahali, Koome. Na tarehe ishirini na nane ni mbali. Amesema mwenyewe."

Kicheko kilikatika. Koome aliikunja karatasi yake, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mvulana wa darasa la tano. "Basi anataka nini? Tuambie, tumpe."

Jibu Kaari alikuwa nalo, lakini halikuwa lake. Alitazama sakafu, akahisi ukumbi mzima ukimngojea.

Nyuma, upande wa akina mama, benchi lililia. Karwirwa alikuwa amesimama, kiondo begani, mikono yote miwili imeshika mkanda wake.

"Mimi sijui kusoma vizuri," alisema. "Mwalimu Felicitas alikuwa akinifundisha, nikamwacha alipougua. Nimebakiza kurasa sita. Jumamosi saa nane mchana naenda kwake na kitabu, uji nauacha nyumbani. Nitamsomea zote sita, hata nikikwama. Mwenye kitabu, anifuate."